Mashimo Mangapi Yanatosha? Jiji la Sarasota na Uwanja Wake wa Gofu



Najua baadhi yenu mmeshangaa kuona gofu kwenye ratiba ya watu wa mipango miji. Dar es Salaam ukitaja gofu watu wanawaza Gymkhana au Lugalo, yaani wanachama na jeshi. Marekani mambo ni tofauti. Kule majiji mengi yana viwanja vyake, ambako fundi bomba na jaji hulipa kiingilio kilekile. Uwanja ukichakaa, suala linatua mezani kwa madiwani.

Mfano wangu ni Sarasota, Florida. Jiji hilo lilifungua uwanja wa mashimo 18 mwaka 1926, uliochorwa na Mskoti Donald Ross, na Februari 1927 bingwa Bobby Jones mwenyewe akaja kuuzindua kwa jina lake. (Tusiuchanganye na uwanja wa Atlanta wenye jina hilohilo. Huko familia ya Holmes, Wamarekani weusi, ilizuiwa kucheza mwaka 1951, ikaenda mahakamani, na mwaka 1955 Mahakama ya Juu ikaipa haki. Viwanja hivi viliitwa vya umma muda mrefu kabla ya umma wote kuruhusiwa kuingia.) Miongo iliyofuata Sarasota iliongeza mashimo hadi yakafika 45, na yale 18 ya Ross yakagawanywa kati ya viwanja viwili, kiasi kwamba hukuweza kuyacheza kwa mfululizo wake wa awali.

Uwanja wa gofu hauharibiki kwa siku moja. Grini, lile eneo laini lenye shimo na bendera, husinyaa polepole: mkata nyasi anaogopa kuharibu ukingo, anageuza mashine ndani kidogo, na mwaka hadi mwaka nyasi ndefu zinajinyakulia inchi kadhaa. Miaka themanini baadaye, grini iliyokuwa na pembe za kuficha bendera imekuwa kiduara, na wanaoicheza tangu utoto wanaapa ndivyo ilivyokuwa siku zote. Chini ya nyasi, mabomba ya umwagiliaji yanapasuka. Sarasota iliongezewa na tatizo la ardhi tambarare: mvua za majira ya joto zikinyesha, maji yanatuama na mashimo yanafungwa. Wachezaji wakapungua, hasara ikaanza kuzibwa na fedha za jiji.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza, na ulichukua miaka. Mwaka 2017 jiji lilikuwa na mpango mkuu wa mbunifu Richard Mandell, lakini kila hesabu ya gharama ilifufua ubishi uleule: tubakize mashimo yote, au tupunguze? Wazee waliozoea kucheza kila asubuhi hawakutaka kupoteza hata moja. Wengine waliuliza kwa nini kodi yao itunze mchezo wasioucheza. Kwa maoni yangu pande zote mbili ziliuliza swali dogo. Idadi ya mashimo ni hesabu ya biashara tu. La msingi lilikuwa kujua eneo la takriban ekari 300 ndani ya mji linafanya kazi gani hata siku ambayo hakuna anayecheza.

Jibu lilikuwa maji. Mifereji inayotoka kwenye vitongoji hupita uwanjani humo kabla ya kuingia kijito cha Phillippi na hatimaye ghuba ya Sarasota. Maji ya barabarani huja na mafuta ya magari, mbolea za bustani na mchanga. Yakiachwa yakimbie mferejini, vyote hivyo vinaishia baharini. Yakipitishwa kwenye ardhi oevu yenye matete, yanapunguza mwendo, mchanga unatuama, na mimea inakula sehemu ya mbolea. Mpango uliopitishwa mwishowe ukawa mashimo 18 ya Ross yaliyorejeshwa kwa kufuata michoro yake, uwanja mfupi wa mashimo 9, na eneo lililobaki kuwa ardhi oevu na bustani ya asili. Mashimo 18 yalifunguliwa Desemba 2023.

Lakini jambo ninalolisifu zaidi lilifanyika kabla ya ujenzi. Mwaka 2022 jiji lilisaini mkataba wa hifadhi na taasisi ya kulinda ardhi. Jiji linabaki mmiliki, ila taasisi ina haki ya kisheria, isiyo na ukomo, ya kuzuia majengo. Diwani wa kesho hawezi kuamka na kumega kipande ampe mjenzi wa maghorofa.

Njia nyingine zipo. Houston iliukabidhi ukarabati wa Memorial Park kwa wakfu wa mmiliki wa timu ya besiboli ya Astros, uliotoa zaidi ya dola milioni 30, na tangu 2020 mashindano ya Houston Open yanachezwa hapo. Winter Park, mji mdogo wa Florida, mwaka 2016 ulitumia takriban dola milioni 1.2 tu kwa mashimo yake 9. Ya Houston inavutia, lakini inahitaji tajiri, na tajiri huja na masharti yake.

Kwa sisi tunaoshuhudia maeneo ya wazi yakivamiwa kila mwaka, naomba majadiliano yetu ya mchana yaanzie kwenye mkataba wa Sarasota: nani hapa kwetu angeshika haki ile, na kwa sheria ipi? Mchoraji aitwe baada ya mwanasheria.