Taarifa ya Mwaka: Kuvutia ni Jambo Moja, Kuaminika ni Jingine

(Mada iliyowasilishwa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya kamati za maendeleo za sharika na wawakilishi wa wafadhili)



Tumeombwa tuzungumzie jinsi makampuni yanavyotumia taarifa za mwaka kuwavutia wawekezaji. Huenda mjumbe akajiuliza: sisi wenye visima, shule za chekechea na vikundi vya kuweka na kukopa, haya yanatuhusu nini?

Yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, baadhi ya washarika wetu ni wanahisa. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998. Benki ya NMB iliingia sokoni mwaka 2008, CRDB mwaka 2009, na mwaka 2013 ikaingia Maendeleo Bank, iliyoanzishwa kwa juhudi za Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya Kanisa letu. Mwenye hisa ana haki ya kuisoma taarifa ya kampuni yake, na ni vizuri ajue kuisoma. Pili, sisi wenyewe tunaandika taarifa kila mwaka. Mfadhili ni mwekezaji wa aina yake, isipokuwa gawio analolitazamia ni maji, afya na elimu.

Taarifa inavyopangwa

Taarifa ya mwaka ya kampuni ina sehemu mbili. Sehemu ya nyuma ni hesabu zilizokaguliwa: mizania, mapato na matumizi, mtiririko wa fedha, pamoja na maelezo ya hesabu hizo. Sehemu hiyo inabanwa na sheria na kanuni za uhasibu. Sehemu ya mbele ni barua ya mwenyekiti, picha, chati na maneno ya sifa. Hapo kampuni ina uhuru mkubwa zaidi, na hapo ndipo mbinu za mawasiliano hutumika. Tutaje nne.

Mbinu ya kwanza ni kugawa sifa na lawama. Faida ikipanda, barua husema uongozi ulipanga vizuri. Faida ikishuka, husema ni ukame, bei ya mafuta au msukosuko wa uchumi. Mafanikio yana mwenyewe, bali hasara huletwa na upepo.

Mbinu ya pili ni chati. Tuchukue kampuni iliyopata faida ya shilingi milioni 100 mwaka jana na milioni 104 mwaka huu. Ongezeko ni asilimia 4 tu. Chati ikianzia sifuri, nguzo hizo mbili zinakaribia kulingana. Lakini mchoraji akianzia 98, nguzo ya kwanza inapata urefu wa vipimo 2 na ya pili vipimo 6. Msomaji anaona faida imekua mara tatu! Hakuna tarakimu iliyoghushiwa, ila jicho limepotoshwa.

Mbinu ya tatu ni kuchagua mwaka wa kulinganisha. Kampuni iliyoanguka vibaya miaka miwili iliyopita ikijilinganisha na mwaka ule wa maanguko, hata hatua ndogo itaonekana kubwa.

Mbinu ya nne ni lugha. Mwaka 2008 mtafiti Feng Li wa Chuo Kikuu cha Michigan alichapisha uchunguzi wake wa taarifa za makampuni ya Marekani. Aligundua kwamba makampuni yenye faida ndogo yalikuwa na taarifa ngumu zaidi kusomeka. Sentensi zikirefuka na maneno yakiwa mazito, mjumbe makini aulize kuna nini.

Funzo la Enron

Mfano unaojulikana sana ni wa kampuni ya nishati ya Enron, ya mji wa Houston, Marekani. Taarifa yake ya mwaka 2000 ilisema mwaka ule ulikuwa wa mafanikio kwa kila kipimo. Iliorodhesha tunu za kampuni, ikiwamo heshima na uadilifu. Mapato yalitajwa kuwa zaidi ya dola bilioni 100, kutoka kama bilioni 40 mwaka uliotangulia.

Lakini aliyefungua kurasa za nyuma angeweza kujiuliza maswali. Faida ilikuwa dola milioni 979, maana yake katika kila dola 100 za mapato, faida haikufika hata dola 1. Sababu mojawapo ni kwamba Enron ilihesabu thamani yote ya bidhaa ilizonunua na kuuza kuwa mapato yake. Ni kama dalali wa mahindi anayeuza gunia la mkulima, kisha akaandika bei yote ya gunia kuwa pato lake, badala ya kuandika kile kidogo kilichobaki mkononi mwake. Tena, ndani ya maelezo ya hesabu ilielezwa kwamba kampuni ilifanya biashara na ubia uliosimamiwa na afisa wake mwandamizi. Jina lake halikutajwa. Hesabu hizo zilikuwa na saini ya wakaguzi.

Mwezi Agosti 2000 hisa moja ya Enron iliuzwa kwa karibu dola 90. Mwishoni mwa Novemba 2001 haikufika dola 1, na tarehe 2 Desemba 2001 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Wafanyakazi wengi waliokuwa wameweka akiba zao za uzeeni katika hisa hizo walipoteza jasho la miaka mingi.

Njia nyingine ya kuvutia

Hata hivyo, tusidhani kwamba ili kuvutia ni lazima kuficha. Warren Buffett wa kampuni ya Berkshire Hathaway aliwaandikia wanahisa wake barua kwa zaidi ya miaka 50. Alieleza kwamba anapoandika huwafikiria dada zake wawili, watu wenye akili lakini wasio wataalamu wa fedha. Mwaka 1993 alinunua kampuni ya viatu ya Dexter kwa hisa zenye thamani ya dola milioni 433, na baadaye kampuni hiyo ikakosa thamani kabisa. Katika barua yake ya mwaka 2007 alikiri wazi kuwa huo ulikuwa ununuzi mbaya kuliko yote aliyowahi kufanya. Wanahisa hawakumkimbia. Walijifunza kwamba akisema jambo ni zuri, ni zuri kweli.

Sisi je?

Wapendwa, tusinyooshe kidole Houston tukasahau nyumbani. Miaka michache iliyopita tuliandika katika taarifa yetu kwamba visima 12 vimekamilika. Ilikuwa kweli. Tuliweka picha ya siku ya uzinduzi, akina mama wakishangilia na maji yakibubujika. Hatukuandika kwamba wakati taarifa inachapwa visima 4 vilikuwa havitoi maji, kwa sababu pampu ziliharibika na kamati hazikuwa na fedha za vipuri. Wageni walipokuja waliomba kuviona visima, na mama mmoja aliyebeba ndoo akawaelekeza mtoni. Fedha za awamu ya pili zilisimamishwa. Vijiji vilivyokuwa vikisubiri visima vyao vikakosa, na havikuwa na kosa lolote.

Hatukudanganya kwa tarakimu. Tulichagua cha kuonyesha, kama wanavyofanya wenye makampuni. Wazee wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Taarifa ile yetu ilikuwa inajitembeza.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa taarifa ya mwaka huu. Mosi, ukurasa wa kwanza uonyeshe tulichoahidi, kilichofanyika, na kinachofanya kazi leo. Pili, kila jambo lililoshindikana litajwe pamoja na sababu yake, na sehemu ya kosa ambayo ni yetu isisingiziwe ukame. Tatu, chati zote zianzie sifuri, na kila picha iandikwe tarehe iliyopigwa.

Kwa kamati za sharika tunaomba: leteni hali halisi, hata kama inauma. Kwa ndugu zetu wafadhili tunaomba kwa unyenyekevu: usharika ukisema kweli, msikate msaada kabla ya kuuliza sababu. Usharika uliosema kweli ukiadhibiwa, mwaka unaofuata sharika zote zitaleta picha za uzinduzi tu.

Visima vile 4 tutavitaja kwa majina ya vijiji vyake katika taarifa ijayo, pamoja na gharama ya kuvitengeneza. Tunajua ukurasa huo hautapendeza macho. Lakini ndio ukurasa ambao mama yule wa ndoo akisomewa, atasema ni kweli.