Mali Bila Daftari

(Maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)

Nimeombwa nieleze somo ninalofundisha, yaani uchumi wa maliasili na mazingira, kwa kuwa baadhi yenu mna vijana wanaotaka kwenda kulisoma, nanyi mwauliza litawapa faida gani. Jibu langu ni fupi: litawafundisha kutunza daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na nchi yetu ina mali nyingi ambayo haijaandikwa popote.

Nitachukua mkoa mmoja tu, Shinyanga, kama ulivyokuwa kabla ya kugawanywa mwaka 2012, maana una mafunzo mawili.

Funzo la kwanza liko Mwadui, mahali ambapo Dk. John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Almasi haizai, ikichimbwa leo, kesho haipo. Mwaka 1931 Mmarekani Harold Hotelling alieleza kwamba madini yaliyomo ardhini ni kama akiba: mwenye nayo hupima kati ya kuyaacha yapande bei na kuyachimba ili fedha yake izae riba. Mwaka 1977 John Hartwick akaongeza jambo ambalo kila mzazi mwenye busara hulijua: faida ya mali inayokwisha isiliwe yote, bali igeuzwe kuwa mali nyingine inayodumu, watoto wasije wakarithi shimo tupu.

Funzo la pili ni ngitili. Kwa Wasukuma, ngitili ni eneo la nyasi na miti linalofungwa wakati wa mvua, kisha likafunguliwa kiangazi ng'ombe wanapokosa malisho. Nyingine ni za kaya, nyingine ni za kijiji. Hii ni mali inayozaa, mradi isiliwe kupita inavyozaa.

Lakini misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba. Watu walipohamia vijijini katika miaka ya 1970, wengi waliziacha ngitili zao nyuma. Miti iliyosalia ikawa kuni na mkaa. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alisema mkoa huo umekuwa jangwa la Tanzania.

Sasa tazameni hesabu zilivyokwenda. Pamba iliyouzwa iliandikwa kuwa pato. Mti uliokatwa haukuandikwa popote kuwa hasara. Saa ambazo mama alitembea kutafuta kuni hazikuandikwa katika kitabu chochote. Mkoa ulikuwa unakula mtaji wake na kuuita mapato. Hapo ndipo somo letu linapoanzia.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wakati huo ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi uliwasaidia wananchi kuirudia desturi yao wenyewe. Sheria zilijadiliwa katika mikutano ya jadi ya dagashida, sungusungu wakalinda, na aliyevunja alitozwa faini. Mradi ulipokwisha mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800.

Mwaka 1968 Garrett Hardin aliandika kwamba malisho ya wote lazima yaharibike, kwa kuwa kila mtu huongeza ng'ombe wake. Elinor Ostrom, katika kitabu chake cha mwaka 1990, alionyesha kwamba watu wanaojuana, wenye sheria zao na walinzi wao, wanaweza kuitunza mali ya pamoja. Mwaka 2009 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Mzee wa Kisukuma asingelishangaa.

Kisha likaja daftari. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la IUCN ulihesabu kuni, malisho, nyasi za kuezekea, dawa, asali na vinginevyo. Ukakuta kwamba vitu hivyo vina thamani ya kama dola 14 za Kimarekani kwa mtu mmoja kwa mwezi, wakati ambapo matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa kama dola 8.50. Hasara ya mazao na mifugo inayoletwa na wanyama waliorudi nayo iliandikwa. Hivyo ndivyo hesabu ya haki inavyofanywa.

Lakini wastani huficha mambo. Mwenye ngitili kubwa hupata zaidi, na asiye na ardhi hununua nyasi kwa jirani. Kwa hiyo mwanafunzi wetu sharti aulize maswali mawili: mali ni kiasi gani, na ni ya nani?

Ndugu zangu, wengine kati yenu mnakaa katika halmashauri, mabenki na bodi za makampuni. Karatasi ya kuuza msitu au kukausha bwawa itakapoletwa mezani, ulizeni kilichoachwa nje ya hesabu. Na kijana wenu akitaka kulisoma somo hili, mwacheni aende. Nchi inamhitaji mtunza daftari.