Betri ya Sola Haikopeshi

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi barazani

 

Tukizuru mashinani, huulizwa swali moja: mbona betri ya sola imekufa kabla ya mwaka? Hata mimi yangu ya kwanza ilikufa hivyo, nikamlaumu aliyeniuzia. Kumbe kosa lilikuwa langu. Kila usiku nilitoa zaidi ya kilichoingia mchana.

Tuhesabu pamoja. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Lakini betri hizi za risasi na asidi huharibika zikizoea kushuka chini ya nusu, kwa hivyo tumia 600 tu. Paneli ya wati 100 ikipata jua kali kwa saa tano, ukiondoa kinachopotea njiani, hurudisha kama wati-saa 350. Taa nne za wati 5 na televisheni ya wati 40, zikiwaka saa tano, hula 300. Hapo uko salama. Ukiongeza pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa, umeongeza 500, na jua la kesho halitoshi kulipa deni hilo.

Tufanye nini basi?

Kwanza, usinunue betri ya gari. Hiyo imeundwa kuwasha injini kwa sekunde chache, si kuwasha taa usiku kucha.

Pili, kontrola ikizima taa, usiunganishe waya moja kwa moja kwenye betri. Inaikinga isiishe kabisa.

Tatu, pima betri alfajiri, kila kitu kikiwa kimezimwa. Volti 12.7 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu. Ikishuka chini ya hapo, punguza matumizi. Wakati wa masika, mawingu yakizidi, ipeleke penye stima ichajiwe kwa chaja ya betri. Isikae wiki nzima ikiwa tupu.

Nne, panguza vumbi kwenye paneli na ukate tawi linaloitia kivuli. Betri yenye vifuniko vya kufungua iongezwe maji yasiyo na chumvi yanayouzwa kwa kazi hiyo, si ya mfereji. Iweke penye hewa, mbali na jiko, kwa sababu gesi yake hulipuka.

Kabla ya kufungiwa sola, mwombe fundi akuonyeshe leseni ya EPRA. Betri iliyokufa usiitupe wala kuipasua nyumbani. Risasi iliyomo ni sumu, hasa kwa watoto. Irudishe kwa muuzaji anayepokea betri kuukuu.

Ndugu zangu, betri ni pesa za mavuno au za chama. Tukiitunza, mtoto atasoma usiku na mwaka ujao hatutachanga upya.