Kulala Usiku Penye Magofu: Maneno kwa Vijana wa Kwa Mathias



Nimeombwa niseme nanyi juu ya jambo ambalo vijana wengi hulitamani, nalo ni kuchukua hema na kulala usiku mmoja karibu na magofu ya watu wa kale. Ni safari njema. Mtu akaaye mjini siku zote hajui jinsi nyota zinavyong'aa pasipo taa. Walakini safari hii ina adabu zake, na asiyezijua aweza kuharibu kwa usiku mmoja kitu kilichodumu mamia ya miaka.

Tutwae mfano ulio katika Mkoa wetu wa Pwani, yaani Kaole, kilometa 5 hivi kusini ya Bagamoyo. Hapo pana misikiti miwili na makaburi mengi, mengine yenye nguzo za mawe. Msikiti wa zamani zaidi wadhaniwa kuwa wa karne ya 13. Zamani palikuwa na bandari; leo mikoko imeota mbele yake.

La kwanza ni moto. Kuta zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nayo chokaa hupatikanaje? Kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Basi mtu akokaye moto mkubwa chini ya ukuta apate kupika wali, afanya kazi ya mchoma chokaa: jiwe hupasuka, hugeuka unga, na mvua ikija hulichukua. Pikeni mbali na kuta, na makaa myazime kwa maji.

La pili ni ardhi. Mwaka 1958 mtaalamu Neville Chittick alichimba Kaole. Wataalamu wa kazi hiyo huisoma ardhi tabaka kwa tabaka, kama kurasa za kitabu. Kipande cha kaure ya Kichina au ushanga uliolala mahali pake hueleza mambo mengi. Ukiisha kutiwa mfukoni ni bubu. Labda mtu atasema, "Kimoja tu kina hasara gani?" Wazee walijibu zamani: chovya chovya yamaliza buyu la asali. Tena vigingi vya hema msivipigilie penye makaburi.

La tatu ni heshima. Misikiti ile ilikuwa nyumba za sala, na wako watu wafikao mpaka leo kuomba dua makaburini. Basi msilale ndani yake, wala msipige ngoma hapo.

La nne ni ruhusa. Sheria ya kulinda majengo ya kale ilitungwa Tanganyika mwaka 1937, ikafuatwa na nyingine mwaka 1964. Kwa hiyo mwulizeni kwanza mlinzi wa mahali, na viongozi wa kijiji, mahali gani mwaweza kupiga hema. Wakikataa, rudini kwa amani.

La mwisho ni usalama wenu. Chukueni chandarua, kwa kuwa mbu ni wengi karibu na mikoko. Mulikeni taa kabla ya kutia mkono penye ufa, maana nyoka hupenda mawe. Wala msilale chini ya ukuta ulioinama, hasa wakati wa masika.

Vijana wangu, mawe yale hayana mlinzi wa kutosha isipokuwa adabu ya kila afikaye. Nendeni, mkalale salama. Na asubuhi mkiisha kukunja hema, ajaye nyuma yenu asijue kwamba mlilala hapo.