MAMA KEVINA NA WAPAGAZI WA VITA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tumeombwa tuseme habari za Mama Kevin, mtawa wa Kikatoliki, ambaye watu wa Uganda walimwita Mama Kevina. Huenda mwanachama akauliza, chama cha wafanyakazi kina shauri gani na mtawa? Katika sisi wamo Waislamu, wamo Wakristo wa madhehebu mbalimbali, na wako wanaoshika mila ya mababu. Chama chetu hakimwulizi mtu dini yake. Lakini wahenga walisema: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Aliyefanya kazi kwa ajili ya watu wanyonge anastahili kutajwa mbele ya wafanyakazi.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Teresa Kearney. Alizaliwa mwaka 1875 katika jimbo la Wicklow, nchi ya Ireland. Baba yake, mkulima, alifariki kabla mtoto hajazaliwa. Mama yake akafariki mtoto akiwa na umri wa miaka kumi, naye akalelewa na nyanya yake. Alitaka kuwa mwalimu kamili, lakini fedha za kulipa chuo hazikuwapo, basi akapata cheti cha mwalimu msaidizi tu. Ndugu zetu, wengi wetu tunaijua hali hiyo. Akili ipo, nia ipo, karo haipo.

Mwaka 1895 aliingia utawa huko Mill Hill, London. Mwishoni mwa mwaka 1902 walitumwa masista sita kwenda Uganda, naye akiwa mmoja wao. Siku zile reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu kwa muda wa mwaka mmoja tu, na kutoka hapo mtu hupanda meli kuvuka ziwa. Reli hiyo iliyojengwa kwa jasho la wafanyakazi, wengine wao wakazikwa kando yake, ndiyo iliyofungua njia ya Uganda. Masista walifika Nsambya, karibu na Kampala, mwezi wa Januari 1903. Walianza kufundisha watoto na kutibu wagonjwa, na dawa nyingi hawakuwa nazo.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sisi hasa. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, majeshi ya Waingereza na Wadachi yalipigana katika nchi zetu. Malori hayakuweza kupita porini, na wanyama walikufa kwa ndorobo. Basi mizigo ilibebwa juu ya vichwa vya watu. Mwaka 1915 serikali ya hapa ilitunga sheria ya kuwakamata vijana kwa nguvu kwa kazi hiyo. Waliitwa Kariakoo, na mpaka leo Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yana jina lao. Katika upande wa Waingereza peke yake walikufa karibu laki moja, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa, wala si kwa risasi. Mishahara ya maelfu waliokufa haikufika kwa wajane wao wala kwa watoto wao.

Wapagazi wagonjwa waliletwa Nsambya, na masista wakawauguza. Mama Kevina alikasirika sana alipoona jinsi watu hawa walivyotendewa. Wenye bunduki walihesabiwa kuwa askari, wenye mizigo walihesabiwa kuwa mizigo. Yeye aliwaosha vidonda, akawalisha, akawaita watu. Mwaka 1918 serikali ya Uingereza ilimpa nishani kwa kazi hiyo. Ni vizuri. Lakini mpagazi aliyebeba sanduku la risasi kutoka Voi mpaka Rufiji alipewa nini?

Baada ya vita aliendelea. Daktari Evelyn Connolly alikuja kutoka Uingereza, na wawili hao wakaanzisha huko Nsambya chuo cha kufundisha wasichana wa Kiafrika uuguzi na ukunga. Wakati huo sheria ya Kanisa iliwazuia watawa wenyewe kuzalisha, na haikulegezwa mpaka mwaka 1936. Na akina mama walikuwa wakifa kwa uzazi. Mwaka 1923, huko Nkokonjeru, alianzisha shirika la watawa wa Kiafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, kwa kuanza na wasichana wanane. Shirika hilo linafanya kazi katika Kenya pia. Wenye ukoma walijengewa makao Nyenga na Buluba. Mwaka 1942 shule ya wasichana ya Namagunga ilifunguliwa, wakati wengi walipodhani kwamba msichana akijua kusoma barua inatosha.

Alifariki Marekani mwezi wa Oktoba 1957, akiwa na umri wa miaka 82, katika kukusanya fedha kwa ajili ya kazi yake. Alizikwa Ireland, lakini watu wa Uganda hawakukubali. Wakadai mwili wake, ukaletwa Nkokonjeru mwezi wa Disemba mwaka ule ule. Hata jina lake limegeuka kuwa neno: sehemu nyingine za Uganda "kevina" maana yake ni hospitali.

Mwezi ule ule wa Disemba 1957, walimu wa Kenya waliunda chama chao, KNUT. Mambo haya mawili hayakupangwa pamoja, lakini yatufaa kuyafikiri pamoja. Kila mara walimu na wauguzi wanapodai mshahara wa haki, hawakosi kuambiwa, "Kazi yenu ni wito." Nasi twajibu hivi: Mama Kevina aliweka nadhiri kwa hiari yake, na shirika lake lilimlisha, likamvika, likamtunza uzeeni. Muuguzi mwenye watoto wanne na kodi ya nyumba hakuweka nadhiri ya ufukara. Anayemtaja mtawa ili apunguze mshahara wa mfanyakazi hamheshimu mtawa wala mfanyakazi. Mama Kevina alikasirika kwa ajili ya wapagazi, hakuwaambia washukuru.

Basi twaleta mambo mawili mbele ya tawi. La kwanza, kila mwanachama ambaye babu yake alichukuliwa Kariakoo amwandikishe kwa Katibu: jina, kijiji, na kama alirudi. Hao walikuwa wafanyakazi, na jina ni haki ambayo bado twaweza kuwalipa. La pili, karo inapopungua nyumbani, binti asiwe wa kwanza kuondolewa shuleni. Mwenye shida aje kwenye kamati mapema, tushauriane, kabla mtoto hajafukuzwa.

Wema hauozi, ndugu zetu. Lakini wema peke yake haujazi sufuria, ndiyo maana tuna chama. Tuushike wote wawili, wema na umoja.