Daftari na Kompyuta katika Masomo ya Uzamili

Mada iliyotolewa mbele ya watumishi wanaojiendeleza kimasomo, Bariadi



Mtumishi wa Simiyu anayesoma shahada ya uzamili aghalabu husoma akiwa kazini. Asubuhi yuko darasani akifundisha, au zahanati, au shambani kwa wakulima wa pamba. Jioni ndipo hufungua kitabu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kiliundwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Kwa mtu huyo muda ni mchache na fedha ni za kuhesabu. Swali la kuandika madondoo, au notisi kama wengi wanavyoziita, kwa kalamu au kwa kompyuta mpakato haliwezi basi kuachwa kwa mazoea. Kinachoulizwa hasa ni kama kazi ya miaka miwili itakuwapo siku ya kuandika tasnifu.

Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer wa Marekani walichapisha utafiti uliozungumzwa sana vyuoni. Wanafunzi waliotumia kompyuta waliandika maneno mengi kuliko wenzao wa kalamu, na sehemu kubwa ilikuwa maneno ya mhadhiri yaliyonakiliwa jinsi yalivyo. Walipoulizwa maswali ya kufafanua dhana, walizidiwa na waliotumia kalamu. Watafiti wengine walilirudia jaribio hilo, wakachapisha matokeo mwaka 2019 na 2021, na tofauti ya alama haikujitokeza kwa uwazi ule wa kwanza. Tabia ya kunakili, hata hivyo, ilionekana tena. Kalamu, kwa hiyo, haina uganga wowote. Mwendo wake wa polepole humlazimisha mwandishi kuchagua, na kuchagua ndiko kunakomfanya aelewe. Anayeweza kujizuia asinakili hana sababu ya kuiogopa kompyuta.

Hayo ni ya ukumbini. Mambo hubadilika mwanafunzi anapokwenda kukusanya taarifa vijijini, na hapo ndipo uamuzi huwa mzito zaidi.

Achukuliwe mtafiti wa nyanda za malisho anayemhoji mzee wa Itilima au Meatu. Mzee anataja ngitili. Mtafiti anayeandika kwa simu huenda akaona neno hilo likigeuzwa kuwa neno la Kiingereza lisilohusika, kwa kuwa simu hailijui. Akiwa na haraka ataandika tu “eneo la malisho” na kuendelea. Lakini ngitili ni eneo linalofungwa mifugo isiingie wakati wa mvua, majani yakue, kisha hufunguliwa wakati wa kiangazi malisho yanapoadimika. Na ndiyo desturi ambayo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado mkoa wa Shinyanga, uliitegemea katika kurudisha miti na majani. Tasnifu itaandikwa kwa Kiingereza, mahojiano yamefanyika kwa Kisukuma, na madondoo yako katikati. Neno likipotea hapo halirudi. Daftari hulipokea kama lilivyotamkwa, na pembeni yake hupokea mchoro wa njia ya ng’ombe, lambo na mpaka wa ngitili yenyewe. Tena mzee anayezungumza na mtu aliyeinamia simu hawezi kujua kama anasikilizwa au mwenzake anachati.

Karatasi pia zina umri mrefu zikitunzwa. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni na ambaye kitabu chake cha sheria na desturi za Wasukuma kilitoka mwaka 1953, aliacha nyaraka ambazo leo zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hakuna anayehitaji neno la siri kuzisoma.

Zikitunzwa, lakini. Daftari lina nakala moja tu. Mchwa hawachagui, na mvua ikimkuta bodaboda njiani haiulizi kilichomo begani. Wala daftari haliwezi kuulizwa ni ukurasa gani uliotajwa bei ya mbegu. Ndiyo sababu madondoo ya siku yafaa kuingizwa kwenye kompyuta jioni ileile, kabla kumbukumbu haijafifia. Umeme ukikatika, kurasa zipigwe picha kwa simu, kazi ya kuchapa isubiri kesho. Nakala moja ibaki kwenye kompyuta, nyingine kwenye flashi inayowekwa nyumba nyingine. Marejeo ya vitabu na makala hayahitaji daftari kabisa. Programu ya Zotero, isiyolipiwa, huyapanga vizuri kuliko mkono wowote.

Hifadhi ya mtandaoni inahitaji tahadhari ya peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeweka masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi, na mitambo mingi ya hifadhi hizo iko nje. Muuguzi anayetafiti afya ya wajawazito asipandishe huko jina la mama hata mmoja. Atumie namba, na orodha inayounganisha namba na majina ikae kwenye karatasi, ndani ya sanduku lenye kufuli.

Asiye na kompyuta hajanyimwa njia. Kaunta buku mbili, kurasa zikipigwa namba na faharasa ikiandikwa mwanzoni, zitamfikisha mbali, kisha atachapishiwa dukani, kwenye steshenari. Huko hana budi kukaa mpaka kazi iishe, na kuhakikisha kwa macho yake kwamba faili limefutwa kwenye kompyuta ya duka, hata kwenye kapu la taka, kabla hajachukua flashi yake na kuondoka.