Nyanya wa Miaka 104

Somo: Luka 2:36-38

 

Katika somo letu twamwona Ana, mjane mzee wa miaka 84. Luka hasemi kwamba Ana alitenda muujiza wowote. Asema tu kwamba kila siku mama huyu alikuwa hekaluni, akifunga na kusali, hata siku Mtoto Yesu alipoletwa.

Leo twataka kuwaeleza habari za nyanya mwingine, Rose Kennedy wa Marekani. Alikuwa Mkatoliki, tena Mkatoliki hasa, wa Misa na rozari. Huenda msikilizaji mmoja akauliza, "Je, katika makanisa yetu hakuna akina nyanya?" Wako, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini mtu akipita motoni na kutoka akiwa bado anamwita Mungu, yafaa tukae kitako tumsikilize, hata kama hakusali katika jengo letu.

Rose alizaliwa mjini Boston tarehe 22 Julai 1890. Baba yake alikuja kuwa meya wa mji huo. Mwaka 1914 aliolewa na Joseph Kennedy, ambaye baadaye alitajirika sana, wakajaliwa watoto 9. Nyumbani walikuwako watumishi, lakini mama alimwandikia kila mtoto kadi yake: siku ya ubatizo, uzito, chanjo na magonjwa. Alipotoka kutembea na wadogo alipita nao kanisani, wapate kujua kwamba kanisa si la Jumapili tu. Naye mwenyewe alikuwa na desturi ya kwenda Misa asubuhi, siku baada ya siku.

Kisha mawimbi yakaja. Mwaka 1941 baba alikubali binti yao Rosemary, aliyekuwa mzito wa kuelewa, apasuliwe ubongo. Upasuaji ule ulimharibu, akaishi chini ya ulinzi wa watu wengine hadi alipokufa mwaka 2005. Mwaka 1944 Joe, kifungua mimba, alikufa vitani ndege yake ilipolipuka. Mwaka 1948 Kathleen alikufa kwa ajali ya ndege huko Ufaransa. Mwaka 1963 John, Rais wa Marekani, aliuawa kwa risasi. Mwaka 1968 Robert naye akauawa vivyo hivyo. Watoto wanne, wote kwa ghafla!

Habari za Robert kupigwa risasi zilipofika, mama huyu alikuwa na miaka 77. Alikwenda wapi? Alikwenda Misa, kama siku zote. Ndugu, miguu ile haikujifunza njia ya kanisani siku ya msiba. Ilikuwa imeizoea tangu siku za raha. Haba na haba hujaza kibaba. Sala fupi ya asubuhi, ambayo sisi twaiacha kwa sababu ng'ombe wanangoja kukamwa au basi liko karibu kuondoka, ndiyo akiba tutakayoihitaji siku ya machozi.

Lakini tusimfanye nyanya huyu kuwa malaika. Mei 1944 Kathleen aliolewa huko London na kijana Mwingereza wa Kanisa la Anglikana. Mama alihuzunika mno, kwa maana binti yake alifunga ndoa nje ya kanisa lao. Katika jamaa yote ya Kennedy, ni Joe peke yake aliyehudhuria arusi. Kabla ya mwaka kwisha, Joe na bwana arusi wote wawili walikuwa wamekufa vitani. Na miaka minne baadaye, Kathleen alipozikwa Uingereza, katika jamaa yake ni baba tu aliyesimama kaburini. Mama hakuwako.

Hatumhukumu. Twajitazama wenyewe. Ni wangapi kati yetu ambao binti yao ameolewa na Mkatoliki, au kijana wao ameoa katika dhehebu jingine, na tangu siku hiyo jina lake halitajwi mezani? Twasema twalinda imani. Kuilinda imani ni vyema, lakini je, ni imani tunayoilinda, au ni heshima yetu mbele ya majirani? Mama huyu alipewa miaka 104, na miaka yote hiyo haikuweza kumrudishia siku moja ya arusi ya binti yake.

Hata hivyo Mungu hakuacha machozi yale yapotee bure. Shirika la hisani lililoanzishwa kwa jina la marehemu Joe ndilo lililotoa dola 100,000 mwaka 1960, Tom Mboya alipomwendea John Kennedy kuomba msaada, vijana wetu wa Afrika Mashariki wapate kusafiri kwenda kusoma Marekani. Na Eunice, dada yake Rosemary, alianzisha mwaka 1968 michezo ya Special Olympics kwa watu wenye ulemavu wa akili.

Mwaka 1984 nyanya alipatwa na kiharusi, na miaka yake ya mwisho akaketi katika kiti cha magurudumu. Alikufa tarehe 22 Januari 1995. Jeneza lake lilipelekwa katika kanisa lile lile la Boston alimobatizwa akiwa mtoto mchanga.

Ndugu msikilizaji, huenda hutapewa miaka 104. Lakini umepewa siku ya leo. Anza kwa sala. Kisha, ikiwa yuko mtoto ambaye hujaukanyaga mlango wake, usingoje hata jioni.

Na tuombe. Ee Baba, utufundishe kukutafuta katika siku za amani, tupate kukuona katika siku za msiba. Utuondolee ugumu wa moyo, tusiwafungie milango watoto uliotupa. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.